Mshale Usioaminika: Geji ya Mafuta na Barabara za Beni

Kutoka Beni, mashariki mwa Kongo, hadi Kasindi ni kilomita 80. Kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akiishiwa na mafuta katika umbali huo atasogeza gari pembeni, atapiga simu na kusubiri. Hasara yake ni muda na aibu kidogo. Dereva anayelala Bungulu, hapa Beni, ana hesabu nyingine. Tangu mauaji ya raia yalipoanza kuuandama mji wa Beni na vijiji vyake mwaka 2014, hakuna anayependa kusimama barabarani mahali asipopachagua mwenyewe. Kuelekea kaskazini, Barabara ya Taifa nambari 4 inapita Mbau, Oicha na Eringeti mpaka Komanda, na kwa miaka sasa kuna vipande vya njia hiyo ambavyo magari huvipita kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Gari likizimika katikati ya msafara kwa kukosa esansi, yaani petroli, linawaweka hatarini hata waliojaza matangi yao.

Ndiyo maana inauma kuona tulivyozizoea geji zilizokufa. Inama dirishani mwa taksi zinazosubiri abiria kando ya Bulvari ya Nyamwisi au karibu na soko la Kilokwa, utazame dashibodi. Utakuta mshale wa mafuta umelala kwenye E huku injini ikinguruma. Katika gari lingine umeganda kwenye F, na haujawahi kushuka tangu mwenyewe alinunue. Muulize dereva ana lita ngapi. Atakutajia pesa: asubuhi aliweka esansi ya kiasi fulani, amepeleka watu Mulekera na kurudi, kwa hiyo bado ipo. Anakisia. Na kwa kuwa amekisia sawasawa kwa miezi mingi, ameshasahau kwamba anakisia.

Nasema wazi ninachoamini: geji ya mafuta ni miongoni mwa vitu vyepesi kutengeneza katika gari, na ingepaswa kutengenezwa kabla ya redio, kabla ya rangi, hata kabla ya viti. Kinachoifanya ionekane ngumu ni desturi ya garaji zetu ya kubadilisha kipuri kabla ya kupima. Mteja ananunua kifaa kilichotumika, kinafungwa, mshale haunyanyuki. Ananunua kingine, hali ni ileile. Mwishowe anachoka na kusema gari hili ndivyo lilivyo. Pesa zimekwenda na ugonjwa haujaguswa.

Wapo watakaosema kwamba watu wameendesha magari bila geji na wakafika. Ni kweli. Ford Model T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927, haikuwa na geji kwenye dashibodi. Dereva alinyanyua kiti cha mbele, akafungua tangi lililokuwa chini yake, akachovya kijiti chenye alama na kusoma. Volkswagen ile ya mgongo wa duara nayo ilitembea miaka mingi bila geji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kilango cha akiba kwa mguu, akajua amebakiwa na kiasi cha kumfikisha penye mafuta. Motari wetu wa leo wanafanya hivyo hivyo: wanaitikisa pikipiki, wanasikiliza, na ikikata njiani wanafungua rizavu. Lakini waangalie vizuri wote hao. Kila mmoja alikuwa na kipimo au akiba ambayo kiwanda kilimwekea makusudi. Gari la leo lenye geji mbovu halina kijiti, kwa kuwa shingo ya tangi imepinda na kijiti hakifiki chini, wala halina kilango cha rizavu. Dereva wa Model T alikuwa na uhakika zaidi kuliko dereva wa Toyota Noah ambayo geji yake imekufa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Geji ya mafuta ni vitu viwili vilivyounganishwa kwa waya mmoja. Kimoja kiko ndani ya tangi: boya jepesi linaloelea juu ya petroli, limeshikwa na mkono wa chuma chembamba, na mkono huo husogeza kidole cha shaba juu ya kibao chenye ukinzani wa umeme. Mafundi wengi hukiita flota. Boya likipanda, kidole kinasogea na ukinzani unabadilika. Kitu cha pili kiko mbele ya dereva: mshale unaosukumwa na umeme uliopita kwenye kibao hicho. Umeme ukipita kwa wingi mshale huenda upande mmoja, ukipungua hurudi. Basi. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, ambazo ndizo zilizojaa mji huu, flota nzima huwa na takribani omu 3 tangi likijaa na karibu omu 110 likiwa tupu. Kila kiwanda kina hesabu yake. Ford za zamani zilianza karibu na 73 kwa tangi tupu zikashuka hadi 10 kwa tangi lililojaa, na magari ya General Motors yalikwenda kinyume kabisa: sifuri tangi likiwa tupu, 90 likijaa. Ndiyo sababu flota ya gari moja ikifungwa kwenye gari la ukoo mwingine itadanganya hata ikiwa mpya, na fundi asiyejua hilo atamlaumu mwenye duka bure.

Kwa kuwa ni vitu viwili na waya mmoja, swali la kwanza ni upande upi unaodanganya: tangi au dashibodi? Swali hilo lina jibu la dakika chache, na nimelishuhudia likijibiwa vizuri katika garaji moja ya wazi hapa Bungulu, mahali pasipo na paa zaidi ya turubai. Mzee mmoja alileta Carina yake, mshale umelala chini. Fundi alikuwa kijana wa umri wa wanawe.

"Mwanangu, wenzako wameshaniambia flota imekufa. Wamesema ninunue ingine."

"Papa, waliipima?"

"Waliangalia."

"Basi usinunue kitu kwanza. Kaa kwenye usukani, nikikuambia ufungue kontakti, uniangalilie mshale."

Akang'oa kiti cha nyuma. Katika Corolla na Carina nyingi za wakati ule kuna kibati chini ya kiti hicho, kimefungwa kwa skurubu, na chini yake ndiko ziliko nyaya zinazoingia kwenye tangi. Kabla ya kugusa chochote alipuliza vumbi lote kwa pampu ya tairi, maana mchanga ukidondokea tangini utaishia kwenye pampu ya mafuta. Akachomoa plagi. Nyaya nene zilikuwa za pampu, hizo hakuzigusa. Nyaya mbili nyembamba zilikuwa za geji: mmoja unatoka kwenye dashibodi, mwingine unakwenda kwenye bodi ya gari, huo ndio waya wa masi.

Kisha akatoa balbu ndogo iliyounganishwa nyaya mbili. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaelekeza kutumia balbu ya wati 3.4 kwa kipimo hiki, na sababu yake ni nzuri: balbu inapunguza umeme, kwa hiyo hata ukikosea waya huunguzi kitu, na ikiwaka imeshakuambia kwamba umeme unafika. Alishikiza upande mmoja kwenye waya wa dashibodi, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha bodi. "Fungua, Papa." Balbu ikawaka. Kwa muda mshale haukufanya kitu, halafu ukaanza kupanda polepole. Upole huo ni wa kawaida, kwa kuwa ndani ya geji nyingi za Toyota kuna mafuta mazito ya silikoni yanayoutuliza mshale usirukeruke gari likipita mashimo. Fundi mwenye haraka huzima kabla haujanyanyuka, akasema dashibodi imekufa.

"Umepanda, mwanangu! Umefika juu kabisa."

Kwa hatua hiyo moja nusu ya gari imeshaondolewa lawama. Mshale ni mzima, fyuzi ni nzima, waya kutoka mbele hadi nyuma ni mzima. Mtu mwingine angekimbilia flota hapo hapo. Kijana huyu akafanya jambo ambalo natamani kila anayejifunza ufundi angeliona: akahamisha upande wa pili wa balbu kutoka kwenye bodi akauweka kwenye ule waya wa masi wa plagi ileile. Balbu haikuwaka. Mshale ukarudi kulala. Hapo ugonjwa ukajitaja wenyewe: waya wa masi ulikuwa haufiki kwenye bodi. Akaufuata kwa vidole mpaka kwenye bolti yake, akakuta kutu iliyovimba. Akafungua, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, akakaza, akapaka grisi. Aliporudisha plagi, mshale ulipanda ukasimama chini kidogo ya nusu. Flota iliyohukumiwa kifo ilikuwa haina kosa lolote.

Sisemi kwamba kila geji mbovu ni kutu ya masi. Lakini masi mbaya ni jambo la kawaida katika nchi ya mvua, matope na magari yaliyovuka bahari, na kwa ukinzani wa Toyota, masi iliyoshika kutu kidogo huifanya geji isome chini kuliko mafuta yaliyomo. Uongo huo angalau unakutahadharisha. Uongo wa kuogopwa ni wa upande wa pili. Waya wa geji ukichubuka na kugusa bodi mahali popote njiani, chini ya zulia au kwenye tundu la kibati, mshale utapanda kwenye F na kukaa huko mpaka injini izime katikati ya msitu. Ukiona F isiyoshuka, chomoa plagi ya tangi: mshale ukianguka, tatizo liko ndani ya tangi, usipoanguka, waya umegusa bodi, au geji yenyewe ndiyo mbovu.

Mshale unaorukaruka, unaosoma sawa tangi likijaa kisha ukapotea njiani na kurudi, unaelekeza kwenye kibao cha ukinzani. Kidole cha shaba hutembea mahali palepale kila siku, na dereva anayeweka lita tano tano, kama tufanyavyo wengi kwa sababu ya mfuko, hukisugua kibao chake katika robo ya chini tu kwa miaka. Robo hiyo inalika. Ukitoa flota na kuunganisha mita ya umeme kwenye nyaya zake mbili, sogeza mkono wa boya polepole kutoka chini hadi juu: namba zinatakiwa kushuka kwa utaratibu, bila kuruka wala kupotea. Zikipotea mahali pamoja, umeuona mchubuko. Kibao kichafu husafishwa kwa spiriti na kitambaa laini. Msasa usikaribie hapo, maana tabaka la ukinzani ni jembamba mno na msasa hulifuta moja kwa moja. Ikiwa kidole kimechimba mfereji, fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kukipinda kidogo pembeni kitembee mahali ambapo hapajalika, na flota ikapata maisha ya pili. Nimeona kazi hiyo ikidumu. Inahitaji subira na mwanga mzuri.

Boya nalo huugua. Likitoboka na kuingiwa na petroli linazama, na geji inasoma tupu hata tangi likifurika, ilhali mita inaonyesha flota isiyo na kasoro. Lizamishe boya kwenye maji ya moto, mbali na gari: hewa ya ndani itatanuka na vipovu vitaonyesha tundu. La plastiki usipoteze muda kulibandika gundi. Petroli itaila gundi hiyo. Tafuta boya la gari lililochinjwa. La shaba, lile la magari ya zamani, watu huwa wanataka kuliziba kwa risasi ya moto, na hapo nasihi kwa moyo wote: boya lililoingiwa na petroli likipashwa moto hulipuka usoni mwa anayelishika.

Kuna kosa jingine ambalo garaji zenyewe hulileta. Pampu ya mafuta na flota katika magari mengi huingia tangini kwa tundu moja zikiwa zimeshikana. Fundi akibadilisha pampu, akairudisha kwa nguvu bila kuutazama mkono wa boya, mkono unapinda au unakwama kwenye mpira wa pampu. Gari linatoka likiwa na pampu mpya na geji isiyopita nusu. Mteja akigundua hayo siku ya pili, asikubali kuambiwa kwamba ni mambo mawili tofauti.

Kwa nini geji hufa mapema huku kwetu? Sehemu ya jibu iko kwenye mafuta. Petroli ya Beni na Butembo husafiri kutoka bandari ya Mombasa kupitia Uganda, inavuka Mpondwe, inaingia Kasindi, halafu sehemu yake inashushwa kwenye mapipa, kwenye mabidoni ya manjano na mwisho kwenye chupa za Kadhafi, wauzaji wetu wa kando ya barabara. Sina neno nao. Bila wao mji ungesimama siku vituo vinapokauka. Lakini kila mara petroli inapomiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine huongezeka vumbi, na usiku wa mvua huongezeka maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na hapo ndipo mkono wa boya wa dereva wa lita tano tano unaposhinda. Hata petroli safi kwa macho inaweza kudhuru. Mwezi Mei 2004, kusini mwa Marekani, petroli yenye salfa iliyozidi kiasi iliuzwa vituoni, na salfa ile ikashambulia fedha iliyomo kwenye migusano ya flota; magari yakaanza kusoma uongo kwa wingi. Kama nchi yenye maabara kila kona ilipatwa na hilo, sisi tunaochuja petroli kwa kitambaa tuna haki ya kuwa waangalifu zaidi.

Sehemu nyingine ya jibu ni barabara. Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walizindua huko Mpondwe mradi wa kilomita 223 za barabara, zikiwemo za Kasindi–Beni na Beni–Butembo, na kila kipande cha lami kinachokamilika ni nafuu kwa kila tangi linalokipita. Lakini magari tuliyonayo yamepita miaka kwenye mawe. Tangi lililobonyea chini kwa kugongwa na jiwe lina nafasi pungufu, na boya lake hukutana na sakafu kabla ya wakati. Geji inasoma robo huku hakuna kilichobaki cha kuvutwa. Ukiwa chini ya gari kwa kazi nyingine, tazama tumbo la tangi.

Na kuna milima. Beni iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Butembo zaidi ya mita 1,700. Katika kupanda huko petroli hukimbilia nyuma ya tangi, katika kushuka huja mbele, na mshale mzima kabisa utapanda au kushuka kwa sababu hiyo. Soma geji mahali tambarare, gari likiwa limetulia kwa dakika kadhaa. Wenye magari yanayovuta magurudumu yote manne wajue pia kwamba baadhi ya magari hayo, Subaru zikiwemo, tangi lao limekaa kama tandiko juu ya shafti, lina mabonde mawili na flota mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja. Kupima flota moja na kuiacha ya pili ni kufanya nusu ya kazi.

Dashibodi ikionekana ndiyo yenye kosa, angalia jirani zake kabla ya kuifungua. Katika magari ya zamani geji ya mafuta na ya joto la maji hugawana kifaa kimoja kinachotuliza volti. Zote mbili zikifa pamoja, au zote zikisoma juu kupita kiasi, kifaa hicho ndicho kinachoulizwa, au fyuzi. Katika magari mapya mshale husogezwa na kompyuta. Mengi yana jaribio lake lenyewe ambapo mishale yote hupanda na kushuka, na njia ya kuliamsha iko kwenye kitabu cha gari. Magari hayo usiyafanyie kipimo cha balbu kwa mazoea. Tumia mita, na utafute hesabu za gari hilohilo.

Nimeiweka hatari ya moto mahali hapa kwa makusudi, baada ya msomaji kuwa ameshaona kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Beni. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa: hauruki ukaenda zake, unatiririka chini na kujaa kwenye shimo la garaji alikosimama fundi. Kwa hiyo flota haitolewi juu ya shimo, wala karibu na jiko la mama anayeuza chai, wala na mtu mwenye sigara. Kwanza toa waya wa hasi wa betri, halafu ndipo ufungue tangi. Tumia tochi ya betri, ile taa ya balbu ya kioo iache ukutani. Weka karibu kizima-moto cha unga, au mchanga mkavu wa kutosha. Maji hueneza moto wa petroli. Tangi lililokaushwa ndilo baya kuliko yote, kwa sababu limebaki na mvuke mtupu, na atakayelichomelea bila kuliosha na kulijaza ipasavyo hatapata nafasi ya kujifunza. Ukimaliza, mpira wa tundu la tangi ukiwa umepasuka weka mpya. Chumba cha abiria kinachonuka petroli baada ya matengenezo hakijatengenezwa.

Kuna faida ya geji nzima ambayo haisemwi sana, nayo ni amani kati ya mwenye gari na dereva. Dereva wa taksi hupeleka kwa bosi malipo ya siku, na ugomvi mkubwa wa kila wiki ni esansi: nani aliweka, imebaki ngapi, imekwenda wapi. Geji ikiwa imekufa, bosi anadhani anaibiwa na dereva anadhani anasingiziwa, na hakuna shahidi. Nimewaona watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka wakiachana kwa ajili ya lita chache ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha. Wenye malori ya dizeli wana sababu nyingine tena. Fuso likiishiwa mazuti, hewa huingia kwenye mabomba, na hata ukileta bidoni kamili injini nyingi haziwaki mpaka mtu akae kutoa hewa hiyo, kwenye mlima, pengine gizani. Na pampu ya umeme ya gari la petroli hupozwa na petroli inayoizunguka. Anayetembea siku zote kwenye tone la mwisho anaiunguza taratibu, na bei ya pampu inazidi mara nyingi gharama ya kusugua bolti ya masi.

Wakati gari linasubiri fundi, kuna hesabu inayoweza kumlinda dereva, ilimradi kihesabu kilomita kinafanya kazi. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, tembea, jaza tena mpaka juu, na ugawanye lita ulizoongeza kwa kilomita ulizotembea. Gari linalokula lita 9 kwa kilomita 100 litatumia zaidi ya lita 7 kufika Kasindi na zaidi ya 14 kwenda na kurudi. Barabara ikiwa ya matope na gia ya kwanza, ongeza. Mimi nisingetoka Beni na chini ya lita 20 kwa safari hiyo, hata kwa dereva aniambiaye anaijua njia kama nyumba yake.

Na geji ikishatengenezwa, kazi haijaisha mpaka ilinganishwe na mafuta halisi. Gari liwe mahali tambarare, tangi likiwa limekaribia kukauka. Mimina lita 5 kwa chombo chenye kipimo cha kweli, fungua kontakti, subiri mshale utulie, andika uliposimama. Ongeza 5 nyingine, andika tena, na uendelee mpaka tangi lijae. Usishangae nusu ya mshale isipokuwa nusu ya lita, kwa kuwa matangi mengi hayana umbo la sanduku. Mshale ukisimama juu ya ukweli kote, mkono wa boya unaweza kupindwa kidogo sana kurekebisha. Ukikosea sehemu moja tu, uache na uandike. Fundi amkabidhi mteja karatasi hiyo pamoja na ufunguo, na dereva aibandike kwenye dashibodi mahali anapoweza kuisoma usiku, ili hata dereva wa zamu atakayelichukua gari kesho ajue robo ya mshale huu ni lita ngapi.